Mwimbaji Katubu, Aliyetunza Je?

Shangazi yangu hapigi simu mchana. Ukiona jina lake linawaka kabla ya magharibi, ama pana msiba ama luku imekata na hajui kuingiza namba. Siku hiyo, mwaka 2016, nilikuwa nimebanwa kwenye daladala naelekea Kariakoo, simu ikaita.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba. Umesikia? Mzee Yusuf kaacha.”

“Kaacha mke?”

“Muziki, mwanangu! Kaacha muziki, kamrudia Mola wake.”

Nikasema alhamdulillahi, maana ndilo neno linalowahi mdomoni. Upande wa pili kimya. Nikadhani salio limekwisha. Kisha nikamsikia, kwa sauti ya mtu anayeulizia deni: “Sasa mimi na zile noti zangu inakuwaje?”

Kwa msomaji wa bara aliyeizoea taarabu ya redioni tu, itabidi nieleze noti zenyewe. Ukumbini, mwimbaji anapofika kwenye ubeti wenye fumbo, mtu huinuka mezani. Hakimbii. Anakwenda kwa mwendo wa wimbo, mkono juu, noti imekunjwa kwa urefu katikati ya vidole, na macho yake hayako kwa mwimbaji. Yako kwa yule anayeambiwa. Akifika mbele anaiweka noti kiganjani mwa mwimbaji, anacheza kidogo, kisha anarudi kwa njia ndefu, ile inayopita karibu na meza ya mbaya wake. Hiyo ndiyo kutunza. Anayeona kwa mara ya kwanza hudhani ni bakshishi ya kumsifu mwenye sauti nzuri. Wapo wanaotunza hivyo, na sisi wengine huwaona kama wageni.

Shangazi hakuwa mgeni. Miaka ile Jahazi, bendi ya taarabu ya Mzee Yusuf, inapiga ukumbi wa Travertine pale Magomeni, alikuwa na sare, na kikundi, na meza yake, na alikuwa na sababu. Mama wa nyumba ya pili alisema kwenye mchezo wa fedha, mbele ya watu, kwamba shangazi aliachika kwa uchoyo. Maneno yalifika siku hiyohiyo, tena kwa njia tatu tofauti. Shangazi hakwenda kugombana. Alikwenda kutunza. Miaka mitatu alitunza wimbo uleule, elfu mbili mbili, na elfu tano sikukuu ya Idi. Kwake mwimbaji alikuwa wakili: analipwa, anasimama, anasema yale mteja asiyoweza kusema mwenyewe.

Sasa wakili katubu. Mteja afanyeje?

Swali hilo nililipeleka barazani kwetu, nikidhani litachekesha. Baraza lenyewe ni benchi mbili nje ya duka la fundi cherehani, mzee wa Kiunguja ambaye kwake taarabu iliishia pale kilipoingia kinanda cha umeme. Yupo kijana mwenye mashine za muziki anayepiga harusini. Sisi twamwita DJ tu. Yupo ustadhi wa madrasa, ambaye hupita “kusalimia” akakaa saa nzima. Na mimi, mzaliwa wa Tanga, kwa hiyo kwa mujibu wa fundi ni mtu wa pembeni kidogo kwenye mambo haya, ingawa mwimbaji Shakila na bendi ya Black Star walitoka kwetu na hilo namkumbusha kila akisahau.

Halikuchekesha. DJ ndiye aliyelishika kwanza, kwa kuwa lilimgusa mfukoni. “Harusi tatu mwezi huu,” alisema, “na zote wanataka nyimbo zake. Yeye kaacha. Nikizipiga mimi, dhambi ni ya nani?”

“Ya fundi umeme,” akajibu mmoja wa wapita njia, tukacheka. Lakini fundi cherehani hakucheka. Alisema tatizo si dhambi, tatizo ni kurudia. Wimbo ni wa aliyeutoa. Aliyeutoa akinyamaza, wimbo nao unyamaze. Wengine wote wanaoupandia ni kasuku, na kasuku hata akisoma Yasini haandikiwi thawabu.

Nilimsubiri hapo kwa miaka.

Maana fundi huyuhuyu anamwabudu Bi Kidude, mwimbaji wa Unguja, Mungu anisamehe kwa neno hilo. Picha yake ipo ukutani juu ya cherehani, imekatwa gazetini. Na Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 akiwa mkongwe ambaye hakuna aliyeijua hesabu kamili ya miaka yake, alijenga sehemu kubwa ya jina lake kwa nyimbo za mtu mwingine. Nyimbo nyingi alizozunguka nazo duniani zilikuwa za Siti binti Saad, mwimbaji aliyemtangulia. Tuzo ya WOMEX ya 2005, ya muziki wa kimataifa, alipewa mwanamke ambaye, kwa kipimo cha fundi, alikuwa kasuku.

“Kidude ni mbali,” fundi alisema.

“Mbali vipi?”

“Mbali!”

Ndivyo mijadala ya mashabiki inavyokwenda. Mtu anaweka kanuni asubuhi, jioni anamtafutia mpenzi wake mlango wa nyuma.

Lakini jambo hili linastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu historia ya taarabu ni historia ya kurudia. Simulizi ya Unguja inasema Sultani Barghash alileta muziki wa Misri kwenye jumba lake, akamtuma Mohamed bin Ibrahim huko Cairo akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi. Waliokuja kuanzisha klabu ya Ikhwani Safaa mwaka 1905 walipiga miziki ya Kiarabu kwa Kiarabu chake. Mombasa, Juma Bhalo alichukua miziki ya filamu za Kihindi akaipa mashairi ya Kiswahili, na watu wakalia machozi ya kweli kwa lahani iliyotungiwa sinema ya Bombay. Siti mwenyewe, msichana wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu na akachekwa kwamba kaja mjini na kaniki, alianza kujulikana kwa kughani Kiarabu kabla ya kukifanya Kiswahili kikae kwenye santuri. Mwaka 1928 akapanda meli na wenzake kwenda Bombay kurekodi. Shaaban Robert, wa kwetu Tanga, akamwandikia wasifu. (Fundi hupenda nisahau kwamba aliyemwandika Siti ni mtu wa Tanga.)

Malaika sitaigusa. Ukianza mjadala wa ile ni ya nani, alfajiri itakukuta barazani.

Mwaka 2020 DJ alikuja na jambo jipya kwenye simu yake. Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, alikuwa ametoa albamu nzima ya nyimbo za bibi yake, Siti of Unguja, na upande wa muziki uliongozwa na Mohamed Issa Matona, ambaye hata fundi hawezi kumwambia hajui udi. Tukakaa kusikiliza. Sauti nzito za kisasa zilipoanza kuunguruma chini ya udi, fundi aligeuza uso kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari. “Wameuweka muziki kwenye pipa,” alisema, akarudi kwenye suruali aliyokuwa akiipinda.

Kisha ikaja Kijiti.

Kijiti ni wimbo wa kesi. Mwanamke mgeni aliuawa Unguja, mwuaji akavuka bahari akakimbilia bara, na waliokuja kuadhibiwa ni wanawake waliosimama kutoa ushahidi. Siti aliuimba zama za Waingereza, mbele ya watu waliowafahamu wahusika kwa sura. Kidude akauimba kwa watu waliokwisha sahau sura hizo. Na sasa kitukuu anauimba kwa watu ambao hata mtaa wenyewe hawaujui. Cherehani ikasimama. Fundi hakusema kitu mpaka ukaisha, na ulipoisha alisema, “Wale wanawake mpaka leo hawajatoka jela.”

DJ akanitazama. Sote tulijua kwamba kasuku hasababishi cherehani kusimama.

Mabishano ya laivu na studio ni mafupi, kwa sababu hapo mimi na fundi tuko upande mmoja na DJ yuko peke yake. Yeye husema kazi ya studio ni safi, sauti haikwaruzi, mpiga fidla hachelewi. Yote kweli. Lakini taarabu haikutengenezwa kuwa safi. Nimeona ukumbini ubeti mmoja ukizungushwa mara nne, mara tano, kwa kuwa foleni ya wanaotunza haijaisha na hakuna bendi yenye akili itakayokata wimbo huku noti zinakuja. Ukitazama kwa makini, anayeamua urefu wa wimbo si mtunzi wala mwimbaji. Ni mama wa meza ya sita ambaye bado anatafuta chenji kwenye pochi. Ukimwondoa yeye ukabaki na kinanda na spika, umebaki na barua isiyo na anwani. Na hao wanaopanda jukwaani na pleibeki wakafungua midomo tu, hao siwajadili, nisije nikaharibu funga.

Funga. Hapa ndipo ilipo sehemu ninayoipenda zaidi na nisiyoisikia ikisemwa. Kalenda ya shabiki wa taarabu haiendi kwa Januari na Februari, inakwenda kwa mwezi mwandamo. Wiki za mwisho za Shaaban ni za vunja jungu: bendi zote zinapiga, watu wanakwenda kana kwamba muziki unafungiwa milele. Kisha Ramadhani, kimya. Kumbi zinalala, vinanda vinafunikwa shuka, redio zinageukia kaswida. Kisha unaandama mwezi, na jioni ya Idi Mosi hupati pa kukanyaga. Na Idi Pili, na Idi Tatu, kila bendi na ukumbi wake, kila kikundi cha wanawake na sare yake iliyoshonwa kwa mafundi kama huyu wetu, ambaye mwezi wa Ramadhani hutengeneza pesa kuliko miezi mingine yote. Kwa hiyo dini inayotuambia tuache ndiyo inayotupangia siku za kwenda. Nilipolisema hili mbele ya ustadhi alinyamaza, akaomba maji, na ilikuwa mchana wa Shaaban kwa hiyo akapewa.

Ustadhi si mtu mkali. Anazo hoja zake na anaziweka kwa utaratibu. Husoma aya ya 6 ya Sura Luqman, inayowataja wanaonunua maneno ya upuuzi ili wapoteze watu njia ya Mwenyezi Mungu, na wako masahaba na wanazuoni wengi walioifasiri kuwa ni nyimbo. Fundi naye, ambaye hasomi sana lakini hili kalihifadhi, humjibu kwa kisa cha Bwana Abubakar aliyeingia nyumbani kwa bintiye Bi Aisha siku ya Idi, akakuta wasichana wawili wanaimba akataka kuwakemea, Mtume akamwambia waache, kila watu wana idi yao. Ustadhi husema wale walikuwa watoto. Fundi husema na dufu lilikuwa dufu. Na hapo huwa wamefika walipofika wenzao Lamu zaidi ya miaka 100 iliyopita, pale Habib Saleh, mwanzilishi wa msikiti wa Riyadha, alipoingiza madufu kwenye maulidi na baadhi ya wakubwa wa mji wakaona ametia ngoma mahali pa ibada. Waliolalamika wamezikwa. Maulidi ya Lamu bado yanajaza mashua.

Mimi siyo mwanachuoni na sitajifanya. Lakini nimeona kitu kimoja katika maulidi yenyewe. Barzanji iliandikwa Madina katika karne ya 18. Inasomwa Tanga, Bagamoyo, Mombasa, Ngazija, wanaume wameyumba mabega, udi unafuka, na tangu nizaliwe sijamsikia mtu akisema “huyo kaiga, ya fulani ilikuwa bora.” Jirani yangu Mkristo anaimba kwaya, na anasema ni vivyo hivyo kwao: ukifungua Tenzi za Rohoni huulizi nani aliuimba kwanza. Katika ibada kurudia ndiyo kazi yenyewe. Ukitoka nje ya mlango ukaingia kwenye biashara, kurudia ni wizi mpaka ulipe, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo kwa ajili hiyo. Taarabu imekaa kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani mmoja nje. Hata jina Ikhwani Safaa limetoka kwa jamaa wa Basra wa karne ya 10, ndugu waliokuwa wakitafuta kuisafisha roho kwa elimu. Wenye klabu walichukua jina la watu wa hekima wakalitundika mlangoni mwa nyumba ya fidla, na hawakuona aibu.

Ustadhi ndiye aliyeniletea Yusuf wa pili, bila kujua.

Alikuwa na kaseti ya zamani ya Yusuf Islam, ile ya 1995 ya maisha ya Mtume, yenye Tala'al Badru ndani yake. Watoto wa madrasa walijifunzia humo. Kwa ustadhi, Yusuf Islam alikuwa Mzungu mwema aliyesilimu, anasimulia sira kwa sauti nzuri, basi. Siku moja nikamuuliza kama anajua mtu huyu alikuwa nani kabla. Hakujua. Nikamwekea kwenye simu wimbo wa 1970.

“Huyu ni nani?”

“Huyohuyo.”

Alisikiliza mpaka mwisho. Mimi nilimwangalia kidole gumba. Kilikuwa kinagonga goti.

Alizaliwa London mwaka 1948, baba Mgiriki wa Cyprus, mama Mswidi, akawa maarufu kwa jina la Cat Stevens. Mwaka 1976 alikuwa akiogelea Malibu, Marekani, mkondo ukamchukua, akamwahidi Mungu kwamba akimwokoa atamfanyia kazi. Wimbi likamrudisha ufukweni. Kaka yake akampa nakala ya Kurani, mwaka 1977 akasilimu, mwaka 1979 akapanda jukwaa la mwisho, kisha magitaa yakauzwa kwa ajili ya sadaka. Akafungua shule ya watoto wa Kiislamu London. Kwa miaka mingi akawa hagusi ala. Mashabiki wake waligawanyika kama sisi tulivyogawanyika juu ya Mzee Yusuf: wapo waliosema dini imewaibia, wapo waliomshukuru Mungu, na wapo wengi, nadhani ndio wengi kuliko wote, walioendelea kuweka santuri zilezile usiku na kujiuliza kama wanamkosea.

Kisha mwanawe akaleta gitaa nyumbani. Mwaka 2006 baba akatoa albamu.

Na kati ya nyimbo zake za zamani zilizopendwa sana, Morning Has Broken, ulikuwa wa kurudia tangu mwanzo. Maneno yake ni ya tenzi ya kanisa aliyoiandika Eleanor Farjeon, ikachapwa 1931, na lahani yake ni ya watu wa Uskoti. Kijana ambaye hakuwa Mwislamu bado aliichukua tenzi ya Kikristo kuhusu asubuhi ya kwanza ya dunia, akaiimba, na baadaye akawa Mwislamu. Niliposimulia hivyo, ustadhi alisema, “Asubuhi ni ya Mungu mmoja.” Niliiandika pembeni ya gazeti ili asije akaikana.

Lakini kisa kilichonifanya niandike makala hii ni cha 2020. Mwaka huo, miaka 50 tangu Tea for the Tillerman, Yusuf aliirekodi albamu yake mwenyewe upya, nyimbo zilezile. Alijirudia. Watu walimuuliza ya nini, ya kwanza si ipo? Ndani yake umo wimbo wa baba na mwana wanaobishana: kijana anataka kuondoka, mzee anamsihi akae. Ujanani aliimba pande zote mbili kwa koo moja. Safari hii, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, aliimba upande wa baba, na upande wa mwana akauacha uimbwe na sauti yake ya 1970, iliyonaswa laivu kwenye ukumbi wa Troubadour, Los Angeles, akiwa na umri wa miaka 22.

Nikawawekea barazani. DJ alipenda ufundi wake. Ustadhi alikuwa anatafuta viatu, adhana ilikuwa karibu. Fundi, asiyejua Kiingereza zaidi ya “waist” na “hips”, aliniomba nimtafsirie nani anamwambia nani nini. Nikamtafsiria. Akaomba urudiwe. Kisha akasema: “Huyo hakurudia. Kajibu.”

Hapo fundi alinipa neno nililokuwa nalitafuta tangu ile simu ya kwenye daladala. Kwetu wimbo hujibiwa. Walipomcheka Siti kwa kaniki yake, alijibu kwa wimbo. Khadija Kopa na Nasma Khamis, wa kwanza kundi la TOT, wa pili kundi la Muungano, miaka ya 90 Dar es Salaam nzima ilijaa kumbini kusikia nani kajibu nini. Nadhani Kidude naye alikuwa akimjibu Siti, na kitukuu anamjibu Kidude, hata kama maneno hayajabadilika hata moja. Aliyeyasema amebadilika, wanaoyasikia wamebadilika, na nia imebadilika. Na sisi tuliosoma vyuo vya Kurani tulifundishwa mapema kwamba amali huhesabiwa kwa nia. Ndiyo maana nikamwambia DJ, bila mamlaka yoyote, kwamba nyimbo za aliyetubu apige tu, ila ajue anazipiga kwa nia yake na si kwa ya mwenyewe. DJ akasema nia yake ni kodi ya nyumba. Nikasema basi ndiyo hiyo.

Na Mzee Yusuf? Mwaka huohuo 2020 alirudi jukwaani. Waliomshangilia alipoacha baadhi yao walimtukana aliporudi, na waliomlaumu alipoacha wakamkaribisha kwa vigelegele. Mimi sikuona ajabu upande wowote. Toba ni mambo ya mja na Mola wake, na sisi mashabiki tulikuwa tumejikaribisha humo kama watu wanaoingia chumba cha maharusi kuulizia pilau. Kilichonishughulisha ni upande wetu. Kwa maana kama kutunza ni kusema, basi kwenye wimbo wowote wa taarabu waimbaji si mmoja. Yule wa mbele akinyamaza, wale wa mezani bado wameshayasema yao, kwa fedha taslimu, mbele ya mashahidi.

Shangazi alilijua hilo kabla yangu. Wiki ile ya 2016, bila kumwambia mtu, alikaanga vitumbua zaidi ya vya biashara, akaviweka kwenye hotpoti, akaenda nyumba ya pili. Alinisimulia miezi baadaye, huku akichambua mchele, hanitazami.

Alimwambia jirani: nimekuja unisamehe. Miaka mitatu nimekutunzia ule wimbo.

Jirani akamwangalia. “Ulikuwa wanitunzia mimi?”

“Wewe.”

“Mimi nilidhani yule wa nyumba ya kona! Si ndio maana nilikuwa nakupigia makofi?”

Shangazi alisema hapo ndipo alipoumia. Si kwa yale maneno ya mchezo wa fedha, hayo alikwisha yasahau akiwa mlangoni. Aliumia kwa hesabu. Elfu mbili mbili kwa miaka mitatu, na elfu tano za Idi, na mwenye kuambiwa alikuwa anashangilia. Walikula vitumbua wakacheka mpaka jirani akashika mbavu. Lakini nilimfahamu shangazi vya kutosha kujua kwamba kicheko kile kilikuwa na mabaki chini yake.

Mwaka jana jirani alimwoza binti yake wa mwisho. Mtaa ukafungwa kwa turubai, viti vya plastiki, kinanda kimoja, spika mbili, na msichana mdogo wa kuimba ambaye Jahazi ikipiga Travertine hakika alikuwa bado anafundishwa kusoma. Mimi nilikaa na shangazi meza ya pembeni. Miguu inamsumbua siku hizi na alikwisha tangaza kwamba hainuki. Saa nne usiku msichana yule akaanza wimbo. Nikaujua kwa kinanda kabla hajafungua mdomo. Shangazi naye akaujua, maana aliweka soda chini.

Msichana aliuimba polepole kuliko ulivyo, kama wimbo wa huzuni, kitu ambacho haukuwa nacho kabisa. Ulipofika ubeti wenyewe, mama wa harusi akainuka. Alikuja kwa mwendo wa wimbo, mkono juu, noti imekunjwa kwa urefu katikati ya vidole. Akamtunza msichana. Akacheza kidogo. Kisha akarudi kwa njia ndefu, akazunguka meza za wakwe, akapita kwetu taratibu, anatabasamu, na macho yake yako kwa shangazi moja kwa moja.

Shangazi alimfuata kwa macho mpaka akakaa. Ubeti ulikuwa unazungushwa kwa mara ya pili. Akafungua pochi, akafunga, akanigeukia.

“Una elfu mbili mbili? Nina elfu kumi nzima hapa.”